Gari Lililokunywa Maji ya Waithira

Waithira alikuwa mwanamke wa hasira, na mtaa mzima wa Munyaka ulijua. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hasira yake ilikuwa ya kufunga mdomo na kufanya kazi kwa nguvu zaidi, hata ukisikia kuni zinavyopasuliwa uani kwake ulijua leo kuna amani au hakuna. Na ukweli usemwe, hakuzaliwa nayo. Alitiwa kidogo kidogo na mwanamume mmoja aitwaye Nderitu, mumewe wa ndoa ya kanisani, pamoja na gari la huyo mwanamume.

Hilo gari lina hadithi yake. Nderitu na Waithira walitoka upande wa Nyeri wakiwa vijana wakaja kufanya kazi kwa mzungu mmoja huku pande za Sugoi. Nderitu aliendesha trekta na wakati mwingine akampeleka bwana mkubwa Eldoret. Waithira alipalilia pareto na kukamua ng'ombe kabla jua halijatoka. Uhuru ulipokuja, yule mzungu alikaa miaka miwili akinung'unika, kisha akauza kila kitu akaenda zake. Kabla ya kuondoka aliwaita wafanyakazi wake wa zamani, akawaambia kila mtu achague kitu kimoja awe nacho kama kiinua mgongo. Mmoja akachukua ng'ombe mwenye mimba. Mwingine akachukua plau. Mpishi, mtu mwenye akili zake, akachukua mabati ya banda la kuku, na hadi leo nyumba yake haivuji. Nderitu akachukua gari.

Lilikuwa gari la kijivu, la zamani hata wakati huo, lenye pua ndefu na milango inayofungwa kwa kupigwa teke. Waithira alipoliona likiingia kambini, mumewe ameketi ndani ameshikilia usukani kwa mikono miwili kama askofu, alijua kwamba amekwisha. Walihamia Munyaka wakapanga vyumba viwili. Nderitu aliapa kwamba gari litafanya teksi na kuwalisha. Likafanya teksi kwa siku chache katika kila mwezi, na siku zilizobaki lilikaa uani boneti wazi, Nderitu ameingiza kichwa ndani, na watoto wa jirani wamejipanga ukutani kumtazama.

Jirani yao Priscah, mwenyeji wa nchi hii aliyefuga ndama wake nyuma ya nyumba, ndiye aliyeliita mke mwenza. "Mama Nduta," angeuliza asubuhi, "mwenzako ameamkaje?" Waithira alicheka mara ya kwanza na ya pili. Baadaye hakucheka tena, kwa sababu mke mwenza wa kweli angalau angesaidia kuchota maji.

Wakati Nderitu akiingiza kichwa kwenye boneti, Waithira alilima kabeji kwenye kishamba cha kuazima na kuziuza sokoni. Kabeji hizo ndizo zilizonunua hisa. Watu wa kwao waliokuwa Eldoret na vijiji vya karibu walikuwa wameunda kampuni ya kununua shamba la mzungu mwingine upande wa Yamumbi, na kila mwenye hisa angepata kipande chake. Waithira alipopeleka hela, karani wa kampuni, kijana aitwaye Kabiru ambaye hakutoka nyumbani bila tai, aliuliza jina la mwenye nyumba. Akaandika Nderitu. Waithira alitazama kadi, akaona jina, akaichukua. Siku zile ndivyo mambo yalivyokuwa, na kama kuna mtu anafikiri kwamba jambo likiwa la kawaida haliumi, basi huyo hajawahi kulima kabeji.

Sasa, siku ya kugawa shamba ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka wa sitini na nane, saa nne asubuhi. Ugawaji ulikuwa wa kura. Nambari za vipande zingeandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa ndani ya debe. Jina lako likiitwa, unakwenda mbele ya watu wote, unatia mkono, unatoa nambari yako, na kipande chenye kigingi cha nambari hiyo ni chako mpaka kiama. Asiyekuwepo jina lake likiitwa angengoja mwisho na kuchukua makombo. Na kila mtu alijua makombo ni yapi: ni kule chini kwenye kinamasi, na kule kwenye mawe ambako hata mbuzi hupita haraka.

Palikuwa na sharti moja zaidi. Kwenye shamba jingine la jirani, mwaka uliotangulia, wanaume walikuwa wametia mkono kwenye debe kwa niaba ya ndugu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Kwa hiyo mkutano wa kampuni ulikata kauli kwamba hakuna kutumana. Mkono unaotoa kikaratasi ndio ambao jina lake litaandikwa. Na aliyesimama kuunga mkono sharti hilo kwa sauti kubwa kuliko wote, akijipiga kifua hadi vifungo vya koti vikatikisika, alikuwa Nderitu. Alisema mwanamume wa kweli atakuja mwenyewe kuchukua ardhi yake. Alisema yeye atakuwa wa kwanza kufika, na atafika kwa gari.

Kuna jambo jingine la kujua kabla hatujafika huko. Mwezi ule unga ulikuwa ukipungua nyumbani kwa Waithira. Alikuwa mtu wa kupima, kikombe kwa kikombe, na alijua debe lake la unga linapaswa kumfikisha siku gani. Halikumfikisha. Alimwuliza binti yake Nduta, wa miaka tisa, kama anakula unga mkavu na wenzake wanaporudi shuleni, maana watoto wana wazimu huo. Nduta alikataa. Aliulizwa tena, akakataa tena, na safari hii alimtazama mama yake machoni. Waithira aliona ni ujeuri. Akakata fimbo ya mkaratusi akamchapa miguuni. Tangu siku hiyo mtoto alifanya kila alichoambiwa bila kusema neno, na nyumba ikawa na watu wawili walionyamaza badala ya mmoja.

Basi Ijumaa, siku moja kabla ya kura, gari lilichemka. Nderitu alikuwa anarudi kutoka mjini alikokwenda kununua kofia ya kuvaa kesho yake, na kwenye mteremko wa kuingia Munyaka moshi mweupe ukatoka kwenye pua ya gari kama wa garimoshi. Watu wakalisukuma hadi nyumbani. Nderitu akatangaza, amesimama katikati ya uani na kofia mpya kichwani, kwamba rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, imechafuka na lazima ioshwe mpaka iwe safi, kisha itiwe dawa mpya ya kupozea. Dawa alikuwa nayo. Alikuwa ameinunua kwa Mhindi wa spea miezi mingi iliyopita, kopo moja, na alikuwa akiliweka chini ya kitanda kama watu wengine wanavyoweka Biblia.

Waithira alimwambia Yamumbi si mbali. Wakitoka na ukungu wa asubuhi watafika kwa miguu kabla ya karani kufungua mdomo. Nderitu alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Mwenye gari kwenda kura kwa miguu? Baada ya maneno aliyoyasema mbele ya mkutano? Alivua kofia, akavaa ovaroli yake ya kazi yenye mafuta, akaingia chini ya gari, na kutoka huko chini akaomba karai.

Karai lililokuwepo ni lile la kuogea mtoto. Alilichukua bila kuuliza. Injini ilipopoa akafungua koki ya chini ya rejeta na maji yakatoka, kijani iliyochanganyika na kutu. Ile kijani ilikuwa dawa ya mzungu, iliyotiwa zamani. Waithira aliikumbuka vizuri. Kule Sugoi mbwa wa bwana mkubwa alilamba dawa kama ile sakafuni mwa gereji, kwa sababu ni tamu, na baada ya siku mbili wakamzika chini ya mkaratusi. Ndiyo maana aliposikia kwato nyuma yake aligeuka upesi, akamkuta ndama wa Priscah ameinamisha kichwa juu ya karai, ulimi nje. Alimpiga ndama kofi la pua hata Priscah mwenyewe akatoka mbio. Waithira akalibeba karai lile akalimwaga ndani ya choo cha shimo, akalisugua kwa majivu, akalisuuza, na muda wote huo Nderitu alikuwa akipiga mluzi chini ya gari.

Kisha akaomba maji.

Kuosha rejeta si kazi ya maji ya kikombe. Unatia maji safi juu, unawasha injini, unafungua hita ili maji yapite kila kona, unangoja ichemke vizuri. Halafu unazima na kungoja ipoe, kwa sababu ukifungua kifuniko kingali cha moto kitakuchuna uso. Ikipoa unafungua koki na yote yanamwagika chini. Kisha unaanza tena, na tena, mpaka yanayotoka yawe kama yale uliyotia. Kila mzunguko ulikunywa debe zima na zaidi, na maji yalikuwa bondeni, kwenye kijito. Yaliletwa juu kwa mgongo, mkanda kwenye paji la uso, na mgongo wenyewe ulikuwa wa Waithira.

Alipanda na debe la kwanza jua likiwa juu. Alipanda na jingine, na jingine. Aliyatazama maji yake, maji ambayo yangepika, yangeosha mtoto, yangenywesha mbegu zake za kabeji, yakiingia kwenye tundu la gari na kutoka chini yakiwa rangi ya chai, kisha yakitambaa uani hadi mlangoni kwake. Nderitu aliyatazama maji hayo hayo kwa furaha. Alimwita aje aone jinsi kutu inavyotoka. Waithira hakwenda kuona. Shingo ilimwuma, paji la uso lilikuwa na alama ya mkanda, na moyoni alikuwa amekasirika mpaka mikono ikatulia tuli, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili mbaya kuliko kutetemeka.

Jioni yalikuwa bado ya rangi ya chai. Nderitu alisema kesho mapema watamaliza.

Asubuhi ya Jumamosi aliamka kabla yake, jambo ambalo halijawahi kutokea hata siku ya harusi, na Waithira alipofungua macho alimsikia akitafuta kitu jikoni. Alikuwa amechukua magadi ya mkewe, yale ya kulainishia githeri ya mahindi na maharagwe, pakiti nzima. Magadi yanatoa uchafu, alieleza, fundi mmoja alimwambia. Aliyakoroga kwenye maji akayatia kwenye rejeta, akawasha. Povu likapanda likamwagika kwenye boneti na kuingia kwenye maua ya Priscah. Waithira akateremka bondeni tena. Akapanda. Akamkumbusha kwamba kura ni saa nne. Nderitu akasema anajua kusoma saa.

Kwenye mzunguko ule wa magadi ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenezeka, inategemea uko upande gani. Injini ilipopoa, Nderitu aliamua kutoa kabisa bomba la mpira la chini, si koki tu, ili kila kitu kitoke. Akalegeza kibano chake, akavuta. Maji yakatoka kwa kishindo, na pamoja na maji vikatoka vitu. Vilikuwa vidonge vyeupe, vingine vikubwa kama maharagwe, vingine vimeshikana vikawa tonge, laini kwa nje na vigumu ndani. Vilijaa kwenye lile karai, alilokuwa amelirudisha chini ya gari, vikaelea.

Waithira aliweka debe chini. Akaokota kidonge kimoja akakifinya kati ya vidole viwili. Hakuna mwanamke wa nchi hii asiyejua ugali, hata uwe umepikiwa ndani ya gari.

"Baba Nduta," akasema, "hii ni nini?"

"Ni unga kidogo tu," Nderitu akajibu akiwa chini ya gari, na sauti yake haikuwa hata na aibu. "Rejeta ilikuwa na tundu. Madereva wote wanafanya hivyo. Unatia unga, inaiva, inaziba."

"Unga ya wapi?"

"Hiyo tu ya nyumba. Nilikuwa natia kidogo kidogo. Pengine ndiyo ilifanya ichemke, ilijaa sana."

Waithira alisimama pale na kile kidonge mkononi. Aliiona ile fimbo ya mkaratusi. Aliyaona yale macho ya mtoto yaliyomtazama bila kupepesa, na akajua sasa kwamba hayakuwa ya ujeuri. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, nzito na moto, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya Nderitu, lakini si yote. Sehemu nyingine ilikuwa yake mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyouma.

"Nilimchapa mtoto kwa sababu ya huo unga," akasema.

Spana ikagonga chuma.

"Mtoto akichapwa hafi," Nderitu akasema. "Leta maji."

Waithira alichukua debe lake akatembea hadi kwenye wigo. Akaligeuza likaangalia chini, akaliacha hapo. Akaingia ndani akanawa miguu na uso kwa maji ya mwisho yaliyokuwa kwenye mtungi. Akavaa gauni la kanisani, akafunga kitambaa kichwani. Koti la Nderitu lilikuwa kwenye msumari, limepigwa pasi tayari, na kofia mpya juu yake. Akatia mkono kwenye mfuko wa ndani akatoa kadi ya hisa. Akachukua sufuria ndogo na mfuko wa unga uliobaki, kwa sababu ilikuwa desturi kwamba mtu akishapata kipande chake awashe moto juu yake siku hiyo hiyo na apike uji, ili kila apitaye aone moshi na ajue hapa pana mwenyewe. Akamwita Nduta kwa sauti ya chini. Walipita nyuma ya gari. Miguu miwili ya Nderitu ilikuwa imetokeza, na ilionekana imestarehe.

Wakavuka nyumba za mwisho, Waithira mbele. Kisha akasimama akageuka. Wazazi wa wakati ule hawakuwaomba watoto msamaha. Hata neno lenyewe lilionekana kama nguo ya mtu mwingine. Akamwambia Nduta kwamba unga ulikuwa ukichukuliwa na baba yake kutia kwenye gari, na kwamba yeye, mama yake, alimchapa bure, na kwamba alikosea.

Nduta alitazama vumbi.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia," Waithira akasema. Wakaendelea kutembea, na hatua za Waithira zikawa ndefu zaidi.

Shambani Yamumbi watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba ya mzungu aliyeondoka, wanaume mbele, wanawake nyuma, farasi mmoja asiye na mwenyewe akila maua. Debe la vikaratasi lilikuwa mezani. Mzee Mburu, mwenyekiti wa kampuni, alikuwa ameketi kwenye kiti pekee kilichobaki nyumbani mle. Kabiru alikuwa akiita majina, tai yake imenyooka. Mtu akitoa nambari watu walikimbia kumwonyesha kigingi chake, wengine wakiimba nyimbo za kanisa, na mmoja alilia waziwazi aliposhika udongo. Waithira alifika kifua kikimpanda na kushuka, akapenya katikati ya wanaume, na alikuwa bado hajapata pumzi wakati Kabiru alipoita jina la Nderitu.

Akaenda mbele akaweka kadi mezani.

Kabiru aliuliza mwenyewe yuko wapi. Waithira akasema anaosha gari. Kicheko kikaanzia mbele kikaenda hadi nyuma kabisa, kwa sababu hapakuwa na mtu asiyelijua lile gari, na wengi wao walikuwa wamelisukuma. Kabiru hakucheka. Akasema kadi ni ya Nderitu, Nderitu hayupo, basi mama akae kando angoje mwisho. Akafungua mdomo kuita jina lingine.

Waithira hakuondoka. Alikuwa amesimama mbele ya wanaume mia na zaidi, na kwa kawaida angeogopa, lakini hasira ilikuwa imechukua nafasi yote na hofu ikakosa pa kukaa.

"Mlisema mkono," akamwambia Kabiru, lakini macho yake yalikuwa kwa mwenyekiti. "Mlisema mkono unaotoa karatasi ndio jina lake itaandikwa. Bwana yangu mwenyewe alisimama hapa akapiga kifua. Hamkusema mkono wa mwanamume. Mimi nimekuja na mkono wangu, na hiyo hisa nililima."

Kabiru alianza kusema mambo ya kadi na ya utaratibu. Mzee Mburu aliinua kidole akamnyamazisha. Alikuwa mzee wa maneno machache, na huenda alikuwa anakumbuka kabeji alizonunua kwa Waithira miaka yote, au huenda alitaka tu jua lisimkute kwenye kiti. Aliuliza mkutano kama ndivyo sharti lilivyosema. Wanawake nyuma wakasema ndivyo kabla wanaume hawajafikiri. Kisha mwanamume mmoja akasema kweli ni Nderitu aliyelipigia kelele, na watu wakacheka tena, na katika kicheko kile jambo likapita. Mzee Mburu akamwambia Waithira atie mkono, na akamwambia Kabiru aandike jina la mkono.

Waithira akatia mkono ndani ya debe. Vikaratasi vilikuwa vingi na vikavu. Akatoa kimoja, na mbele ya macho yake Kabiru akaandika Waithira, kalamu ikikwaruza kama inayolalamika.

Kipande kilikuwa juu kwenye mgongo wa kilima. Udongo wake ulikuwa mwekundu, mnene, hauna jiwe hata moja, na ulikuwa sawa kama meza. Waithira alizunguka kigingi mara mbili. Kisha akatazama chini akaona kijito. Kilikuwa mbali, mbali kuliko cha Munyaka, na mteremko wa kwenda huko ulikuwa mkali. Shingo ikamwuma kabla hajabeba chochote. Hata hivyo akakusanya kuni na Nduta, akapanga mafiga matatu, akawasha moto. Moshi ukapanda. Akaweka sufuria tupu kando na mfuko wa unga juu yake, akaketi kwenye ardhi yake akinyoosha miguu.

Mambo ya Munyaka alikuja kuyasikia baadaye kwa Priscah, aliyeyasimulia hadi machozi yakamtoka. Nderitu aliomba maji kutoka chini ya gari mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Alipotoka alikuta debe limepinduliwa na mfuko wa koti hauna kadi. Gari lilikuwa tupu, halina tone, na ukiliwasha hivyo injini inakufa siku hiyo hiyo. Akatafuta mtoto wa kutuma, watoto wote wakawa wamepotea. Basi Nderitu, mwanamume mwenye gari, akateremka kijitoni na debe mbele ya wanawake wote waliokuwa wakifua. Hakujua kufunga mkanda. Alibeba begani, maji yakaingia shingoni na kutokea kwenye suruali, akafika juu na nusu ya debe. Akarudi. Alirudi tena na tena, mpaka maji yaliyotoka yakawa safi, akabana mpira, akaziba lile tundu kwa sabuni ya kipande, akachanganya dawa yake na maji nusu kwa nusu, akajaza polepole mpaka mapovu yakaisha.

Alifika Yamumbi kura ikiwa imekwisha. Waithira alilisikia gari kabla ya kuliona. Lilipanda kilima bila moshi wala kikohozi, na lazima isemwe kwamba lilikuwa halijawahi kuunguruma vizuri vile. Nderitu akashuka. Koti lilikuwa limelowa mabegani, suruali ina matope hadi magotini, na kofia mpya ilikuwa imekaa juu ya hayo yote. Alikuwa ameshapita kwa Kabiru. Ilionekana usoni.

"Umeandikisha jina lako," akasema.

"Mkono ndio uliandikisha. Ni maneno yako."

Nderitu akazunguka kigingi kama mtu anayetafuta mlango. Aliutazama udongo, akautazama moto, kisha akatazama chini bondeni kwa muda mrefu, akijikanda bega.

"Maji iko mbali sana hapa," akasema mwishowe.

"Nimeona."

"Gari haiwezi kushuka pale."

"Hata hiyo nimeona." Waithira alikuwa bado ameketi. "Mwambie Nduta nani alikula unga."

Nderitu alimtazama mkewe, kisha akamtazama mtoto aliyekuwa akichochea moto kwa kijiti bila kuinua kichwa. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekabwa na mfupa, kwamba unga aliuchukua yeye. Nduta akaendelea kuchochea moto.

Nderitu akageuka akasema kwamba sasa wao wawili lazima wazungumze juu ya hilo jina, kwamba jambo kama hilo haliwezi kuachwa hivi hivi, kwamba watu watasema nini. Waithira alifungua mfuko wa unga akaumimina kidogo kwenye kiganja akautazama, kisha akamsukumia sufuria kwa mguu.

"Tutaongea," akasema. "Leta maji."

Nderitu akafungua buti la gari akatoa debe, akavua kofia akaiweka kwenye kiti cha gari, na akaanza kuteremka.